Kwao Kuna Maradhi?

Posa inapopelekwa katika miji yetu ya mwambao, kabla ya kutajwa mahari na kabla ya kukubaliana siku, kuna swali ambalo haliulizwi mbele ya wageni. Huulizwa jikoni, au barazani baada ya sala ya Ishaa, tena kwa sauti ya chini: kwao kuna maradhi? Zamani jibu lililoogopwa lilikuwa ukoma, kifafa au wazimu. Siku hizi, kwa kuwa kila mtaa una mzee aliyepooza upande mmoja, na kiharusi nacho kimetiwa katika hesabu hiyo.

Mwaka huu swali hilo liliingia kwetu. Mtoto wa mdogo wangu wa kike, kijana mwenye kazi yake na adabu zake, alimtaja binti wa nyumba ya watu waungwana ambao twawajua tangu enzi za wazee wetu. Hapakuwa na la kuwatia ila hilo moja. Baba yake binti alikuwa amepigwa na kiharusi miezi michache nyuma, kikamlemaza mkono wa kulia na kumnyang'anya maneno. Ami yake alifariki kwa maradhi hayo hayo, na babu yao mzaa baba kadhalika. Watu watatu wa damu moja. Wazee wetu wakanyamaza kile kimya chao kinachokataa bila ya kusema. Ndipo mdogo wangu akanijia, kwa kuwa nilisomesha sayansi shuleni kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, akaniuliza: "Dada, hili ni la damu au si la damu?"

Nikamwomba anipe wiki mbili. Niliyoyapata katika wiki hizo nayaandika hapa kwa sababu naamini nyumba yetu si ya kwanza kuulizana hivyo, wala haitakuwa ya mwisho.

Kiharusi ni ajali ya mishipa ya damu katika ubongo. Aghalabu mshipa huziba, na sehemu ya ubongo iliyokuwa ikipata damu kwa mshipa huo hukosa hewa na chakula, ikaanza kufa katika muda wa dakika. Mara nyingine mshipa hupasuka na damu ikamwagika. Wako miongoni mwetu wanaosema mtu amepitiwa na upepo au amekanyaga pabaya, na sitaki kubishana nao katika makala haya. Nawaomba tu wamfikishe mgonjwa hospitali kwanza, siku hiyo hiyo na saa hiyo hiyo, kisha mengine yafuate.

Ama swali la damu, jibu lake limegawanyika, na kugawanyika huko ndiko wazee wetu hawakukujua.

Kipo kiharusi ambacho kwa yakini ni cha ukoo. Mwaka 1996 wataalamu wa Ufaransa waliitambua jeni moja, iitwayo NOTCH3, ambayo ikiharibika huidhoofisha mishipa midogo ya ubongo. Jeni, kwa asiyeizoea, ni maagizo ya urithi yaliyoandikwa ndani ya kila chembe ya mwili, nusu yakitoka kwa mama na nusu kwa baba. Maradhi yanayotokana na jeni hiyo huitwa CADASIL, na kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuyarithi. Lakini yana alama zake. Mara nyingi huanza na maumivu makali ya kichwa ya kipandauso mtu angali kijana, kisha viharusi vidogo vidogo katika umri wa miaka 40 au 50, hata kwa mtu asiyekuwa na presha wala sukari, na baadaye usahaulifu. Maradhi haya ni adimu. Nilipouliza habari za wale watatu niliambiwa kwamba babu alikufa akiwa amepita miaka 75, ami alikuwa na zaidi ya 60, na baba mtu naye kadhalika. Na wote watatu walikuwa na presha ya miaka mingi, na dawa zake wakizimeza siku wanapojihisi vibaya na kuziacha siku wanapojihisi wazima. Sikuona hapo alama ya CADASIL. Niliona maradhi ambayo na kwetu yamejaa tele.

Kiharusi cha namna hii, ambacho ndicho kilicho kingi duniani, nacho kina urithi ndani yake, ila urithi wake ni wa chenga chenga. Mwaka 2022 jarida la Nature lilichapisha utafiti mkubwa uitwao GIGASTROKE, uliokusanya habari za urithi za wagonjwa 110,182 na kuzilinganisha na za watu zaidi ya milioni moja na nusu ambao hawakupatwa. Wakazikuta sehemu 89 katika maandishi ya urithi wa binadamu zinazohusiana na hatari ya kiharusi. Kila moja kati ya hizo huongeza au kupunguza kidogo mno, mfano wa punje ya mchele katika mizani ya duka. Mtu mmoja huzaliwa na punje nyingi zaidi, mwengine chache, na baadhi ya punje hizo ni zile zile zinazoelekeza mtu kwenye presha. Hakuna ukoo duniani usiokuwa na punje hizo. Kuukataa ukoo mmoja kwa ajili yake ni sawa na kuikataa nyumba kwa kuwa ina vumbi.

Jambo moja lilinikera nilipokuwa nikisoma. Watu wenye asili ya Afrika ni wachache katika hesabu hizo kubwa. Wengi ni wa Ulaya na wa Asia ya Mashariki. Kwa hiyo kipimo cha punje kilichotengenezwa kwa damu yao hakiwezi kutupima sisi kwa usahihi ule ule, ijapokuwa kiharusi kwetu hupiga watu wakiwa na umri mdogo zaidi kuliko kwao. Walioanza kuliziba pengo hilo ni wenzetu wa Afrika ya Magharibi. Utafiti uitwao SIREN, wa Nigeria na Ghana, ukiongozwa na Profesa Mayowa Owolabi wa Ibadan pamoja na wenzake, ulikusanya damu na habari za maisha ya wagonjwa. Mwaka 2018 walitoa matokeo ya wagonjwa 2,118, kila mmoja akilinganishwa na mtu mzima wa umri na jinsia kama yake. Mambo 11 yaliyohesabiwa pamoja yalionekana kubeba takriban asilimia 98 ya hatari yote ya kiharusi katika watu wale. Presha ndiyo iliyotangulia, tena kwa mbali. Yakafuata mafuta katika damu, sukari, kitambi, maradhi ya moyo, dhiki ya moyo, uvivu wa kutembea, sigara, chumvi ya kuongeza mezani, ulaji wa nyama kila mara, na kutokula mboga za majani.

Hesabu hiyo haisemi kwamba urithi haufanyi kazi. Urithi hupita ndani ya mambo hayo hayo: mwenye punje za presha hupata presha mapema, na chumvi humdhuru kuliko mwenzake. Lakini inasema mlango uko wapi. Nami niliposoma kuhusu mboga za majani nilicheka peke yangu, kwani nilikumbuka sinia za harusi zetu, biriani juu ya pilau, nyama juu ya nyama, na achari ya ndimu iliyokaa katika chumvi mpaka ikabadilika rangi, na mchicha hauonekani hata kwa dawa. Watu wa ukoo mmoja hurithiana damu na jungu pamoja. Anayeona watu watatu wa nyumba moja wamepooza asikimbilie kuilaumu damu kabla hajalifunua jungu.

Hilo ndilo lililokuwa jibu langu kuhusu nyumba ya binti, na lingetosha. Lakini kadiri nilivyosoma juu ya kiharusi na urithi ndivyo kurasa zilivyonirudisha kwetu, kwa mtoto wa kaka yangu.

Kaka yangu alimwoa binti ya ami yetu. Mtoto wao wa pili alipokuwa na miaka sita aliamka asubuhi mmoja hawezi kuinua kikombe kwa mkono wa kushoto, na mdomo umekwenda upande. Mtoto wa miaka sita! Watu wakasema ni kijicho. Siku kadhaa zilipita katika kombe na hirizi kabla hajafikishwa kwa daktari, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba yale maumivu yake ya mifupa na ile manjano ya macho tuliyokuwa tukiyaona tangu uchanga wake ilikuwa selimundu, au siko seli kama wengi tuitavyo. Leo ana miaka 11. Anasoma, anacheka, lakini mguu wa kushoto anauburura, na hesabu zinamwendea polepole kuliko wenzake.

Hiki nacho ni kiharusi cha urithi, na chenyewe hakina habari ya punje 89. Kosa ni herufi moja tu katika jeni moja inayotengeneza himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu. Aliyelipata kosa hilo kwa mzazi mmoja huwa mbebaji tu, mzima wa afya. Aliyelipata kwa wazazi wote wawili, chembe zake nyekundu hupinda mfano wa mundu, hukwama katika mishipa, na huila mishipa mikubwa ya ubongo kutoka ndani. Bila ya kinga, takriban mtoto mmoja katika kila kumi wenye selimundu kamili hupatwa na kiharusi kabla ya kutimiza miaka 20.

Kwa nini jambo hili limejaa kwetu? Mtu aliyelifumbua alikulia hapa Kenya. Anthony Allison alizunguka nchini mwaka 1949 akipima damu za watu, akaona wabebaji ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na ni wachache sana nyanda za juu. Mwaka 1954 alionyesha sababu yake: mbebaji huhimili malaria kuliko mtu asiyebeba. Basi mbu wa mwambao ndio waliowabakiza babu zetu wabebaji hai, na sisi tumeirithi kinga yao pamoja na gharama yake. Si laana, wala si aibu ya ukoo wowote.

Hata ndani ya selimundu wenyewe, urithi mwengine huingia kati kuongeza au kupunguza hatari. Kila mtoto huzaliwa na himoglobini ya tumboni, ambayo huzimika baada ya kuzaliwa. Wako watu ambao kwao haizimiki yote, nayo huzizuia chembe zisipinde. Wagonjwa wa mashariki ya Saudi Arabia hujulikana kwa kuwa nayo nyingi, na maradhi yao mara nyingi huwa mepesi kuliko ya wenzao wa Afrika. Jeni iitwayo BCL11A ndiyo mmoja wa wazimaji wa himoglobini hiyo, na mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayokata agizo lake katika chembe za mgonjwa mwenyewe, tiba ambayo bei yake siitaji nisije nikawavunja watu moyo. Tena wapo wengi hapa pwani wanaobeba thalasemia ya alfa, kasoro ndogo nyengine ya himoglobini ambayo, kwa ajabu ya uumbaji, mwenye selimundu akiwa nayo hatari yake ya kiharusi hupungua.

Lililonichoma zaidi ni kujua kwamba kiharusi cha mtoto wa kaka yangu kingeweza kuonekana kikija. Kipo kipimo cha mawimbi ya sauti, kisichouma wala kutoa damu, kinachowekwa pembeni mwa paji la uso kupima mwendo wa damu katika mishipa ya ubongo. Ikifika sentimita 200 kwa sekunde au zaidi, mtoto yumo hatarini. Mwaka 1998 utafiti wa Marekani wa watoto 130 wa namna hiyo ulionyesha kwamba kuwaongezea damu kila mwezi kulipunguza viharusi kwa zaidi ya asilimia 90. Kwetu damu haipatikani kwa wingi huo, lakini iko dawa ya vidonge, haidroksiyurea, inayoiamsha tena himoglobini ya tumboni. Utafiti uliothibitisha kwamba dawa hiyo inawafaa watoto wa Afrika ulifanywa katika miji minne: Luanda, Kinshasa, Mbale, na Kilifi. Kilifi yetu hii, tunayoipita kwa matatu tukienda Malindi! Mtoto wa kaka yangu sasa anaimeza kila siku, na hajalazwa kwa muda mrefu.

Basi nikarudi kwa mdogo wangu na kalamu na karatasi. Nikamwambia: kaka yetu ni mbebaji bila ya shaka, kwa kuwa mwanawe ni mgonjwa. Aliupata kwa baba au kwa mama. Kwa hiyo wewe una uwezekano usiopungua nusu kuwa mbebaji, na mwanao huyu mposaji usiopungua robo. Wazee wamekaa wiki tatu wakiichungua damu ya nyumba ile, na hii yetu hakuna aliyeitazama.

Mdogo wangu alinyamaza muda mrefu, kisha akasema yeye hathubutu kuyasema hayo barazani. Nikayasema mimi. Mmoja wa wajomba zetu alikasirika, akaniuliza kama nataka kuitangaza familia. Sikumlaumu, katika umri wake, siri ya nyumba ni stara, na stara ina daraja kubwa katika dini yetu. Nikamjibu kwa heshima kwamba kuna stara inayomhifadhi mtu na kuna kificho kinachomdhuru mtoto ambaye bado hajazaliwa. Nikamkumbusha kwamba Saudi Arabia, tuendako kuhiji, tangu mwaka 2004 huwalazimu wachumba wote wapimwe selimundu na thalasemia kabla ya kuandikiwa ndoa. Hawakatazwi kuoana, bali huambiwa kabla. Hapo mjomba hakusema neno, ila aliomba chai, na wanaomjua walielewa kwamba amelegeza.

Vijana wakaenda kupimwa wenyewe, pamoja na wasimamizi wao, kwa kipimo cha aina ya himoglobini ambacho hutaka damu kidogo tu ya mkononi. Majibu yalipokuja, mbebaji alikuwa ni wetu. Binti alikuwa hana. Maana yake ni kwamba watoto wao, akiwajaalia Mwenyezi Mungu, hawatapata selimundu kamili; huenda nusu yao wakawa wabebaji kama baba yao, nao watapaswa kuambiwa watakapokua. Lau wote wawili wangekuwa wabebaji, kila mimba ingekuwa na uwezekano wa robo wa mtoto mgonjwa, na mazungumzo yangekuwa mengine. Wazee wa upande wa binti walituletea salamu kwamba wao hawana pingamizi. Hawakutuuliza kama kwetu kuna maradhi, tuliwaambia sisi.

Limebaki moja, nalo ni la baba yake binti.

Yeye ndiye walii, na anataka kumwoza binti yake kwa ulimi wake. Shekhe amemweleza kwamba anaweza kumwakilisha mtu, na kwamba hakuna lawama. Hataki. Kiharusi chake kilipiga upande wa kushoto wa ubongo, ambako kwa watu walio wengi ndiko yaliko makao ya maneno. Mwanzoni watu wa nyumbani kwake walipigwa na butwaa, kwa sababu Alhamdu alikuwa akiisoma yote bila ya kukwama, lakini akitaka maji hawezi kuyataja. Wako waliodhani anajifanya. Kumbe hali hiyo yajulikana sana kwa wataalamu: maneno aliyoyakariri mtu tangu utotoni, sala, hesabu za moja hadi kumi, hutoka kwa njia nyengine, na mara nyingi husalimika pale ambapo maneno ya kutungwa papo hapo yamepotea.

Binti aliniuliza kama na kupona nako kumo katika jeni. Nilimweleza nilichokisoma. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba panya walionyamazishiwa jeni iitwayo CCR5 baada ya kiharusi walirudisha nguvu za viungo vizuri zaidi, na kwamba wagonjwa waliozaliwa na jeni hiyo ikiwa imekatika walikuwa na ahueni bora katika viungo na katika akili. Mkato huo hupatikana kwa watu wa asili ya Ulaya, kwetu ni adimu mno. Lakini iko dawa ya zamani ya virusi vya ukimwi, maraviroki, ambayo huiziba CCR5, na majaribio yake kwa wagonjwa wa kiharusi yameshaanzishwa. Akaniuliza dawa hiyo yapatikana lini. Nikamwambia kwamba kwa sasa kinachojulikana kumfaa baba yake ni vidonge vyake vya presha kila siku, na kusema, kusema, kusema.

Mtaalamu wa mazoezi ya kusema amewafundisha njia ya kuyatia maneno lahani, kwani upande wa kulia wa ubongo unaoshika sauti za kuimba huweza kuubeba baadhi ya mzigo wa upande ulioumia. Kwa hiyo kila siku baada ya Alfajiri binti hukaa mkekani mbele ya baba yake, akampigia mapigo polepole kwa kidole juu ya mkono wa kushoto, na wakaimba pamoja sentensi moja tu, ile ya kuozesha. Nilikuwa kwao juma lililopita. "Nakuoza" huitoa vizuri. "Binti yangu" kadhalika, na jina lake hulitaja kwa sauti ya kumwita. Jina la mkwe bado. Kila akifika hapo hulitaja la ndugu yake marehemu, akatikisa kichwa, wakaanza tena. Nikaha ni Mfunguo Saba.